Kaseti ya Matokeo

Vijana wa idara, mliniomba niandike kitu kabla sijasahau. Mlitaka kujua jinsi ya kumsaidia mhadhiri afundishe wanafunzi asiowaona, kwa sababu siku hizi mna kamera, mna intaneti, mna kila kitu, na bado wahadhiri wanawasumbua. Nimestaafu juzi tu, mgongo unauma na muda ninao, kwa hiyo nimekaa mezani hapa Komarock nikijaribu kukumbuka yaliyo ya maana. Cheo na mshahara sitavigusa. Cheo kilikuja kwa kujikokota, na mshahara mnaujua maana hata ninyi mnaupokea. Nilipoviweka hivyo kando niliona kwamba karibu yote yaliyobaki ni aibu. Mara nyingine ilikuwa yangu, mara nyingi ilikuwa ya wengine na mimi nililipwa kukaa karibu nayo. Basi nitaandika hiyo.

Niliingia idara ya elimu masafa mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikitoka kufundisha sekondari. Wenzetu chuoni walituita watu wa posta, na hawakukusudia kutusifu. Wanafunzi wetu walikuwa walimu wa shule za msingi waliotaka digrii bila kuacha kazi. Mchana walifundisha Kayole, Njiru na mitaa mingine ya Eastlands, jioni walisahihisha madaftari, halafu ndipo wakafungua vitabu vyetu. Tuliwatumia masomo yaliyochapwa kwa stensili, ambayo yalifika bado yananuka wino, pamoja na kaseti. Kazi yangu ilikuwa kumshika mhadhiri mkono aandike somo ambalo mtu anaweza kulielewa akiwa peke yake, na arekodi kaseti ambayo mtu aliyechoka anaweza kuisikiliza bila kusinzia. Hilo la pili lilitushinda mara nyingi.

Studio yetu ilikuwa stoo ya zamani ya viti vibovu. Ukutani tulibandika trei za mayai na mablanketi ya bweni ili sauti isirudi, na jua la Februari likiwaka ulitoka humo umelowa kama uliyeoga na nguo. Aliyeisimamia alikuwa Mzee Faraj, mtu wa pwani aliyekuwa amefanya kazi ya redio miaka mingi kabla ya kuja kwetu. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Alinionyesha kurudisha kaseti nyuma kwa kalamu ya biki ili tusichoshe mashine, alinizoeza kusikiliza nikiwa nimefumba macho, na alinifundisha swali la kumuuliza mhadhiri kabla ya kuwasha taa nyekundu: unamwambia nani? Wengi hawakuwa na jibu. Mmoja alituambia anaiambia jamii ya wasomi.

Siku yangu ya kwanza studio aliingia mhadhiri aliyekuwa amenifundisha mimi mwenyewe. Alifungua faili, akaanza kusoma taratibu, na kila palipokuwa na alama akaitamka. Koma. Nukta. Aya mpya. Alikuwa anatusomea imla. Nilimtazama Mzee Faraj, naye akatazama dari. Aliyefuata alikuwa wa hisabati. Huyo alibandika karatasi juu ya trei za mayai, akaandika hesabu zake kwa kalamu nene, na kwenye kaseti ulisikia mkwaruzo, kisha kimya, kisha sauti yake ikiuliza kama tumeona. Nilitafuta pa kujificha nisipaone. Ningemwambiaje mtu aliyenipa digrii kwamba hajui kufundisha?

Mzee Faraj alinijibu baadaye, tukikunja nyaya. "Humwambii," alisema. "Mwache ajisikie mwenyewe, mwanangu. Wewe washa kaseti, halafu nenda ukachemshe chai. Na usirudi upesi."

Hiyo ndiyo mbinu kubwa niliyopata kazini, na ninawaachia bure. Mtu mzima akisikia sauti yake kwa mara ya kwanza huona haya, na akiona haya mbele ya watu hujitetea. Akiwa peke yake hujirekebisha. Ukirudi na chai yako unamkuta amevua koti, anakwambia labda turudie kidogo, na wewe unashangaa kana kwamba wazo hilo halijawahi kukujia. Wahadhiri wengi waliokuja kusifiwa kwa kaseti zao walitengenezwa na chai ya Mzee Faraj. Tulimaliza majani mengi ya chai ya chuo, na mhasibu hakuelewa kamwe.

Aliyejifunza upesi kuliko wote alikuwa Profesa Mbaluka, wa saikolojia ya elimu. Ukumbini alikuwa moto wa kuotea mbali. Hata wanafunzi wa idara nyingine walikuja kusimama mlangoni wamsikilize. Mwanzoni kaseti zake zilikuwa kelele tupu kwa sababu alihutubia ukumbi usiokuwepo, lakini alisikiliza, akapunguza sauti, akaanza kuongea kama mtu aliyekaa na mwenzake. Nilijivunia yule mtu kana kwamba nimemzaa. Alipopendekeza kwamba baada ya kila zoezi arekodi kaseti ya kuwaeleza wanafunzi walivyofanya, nilimwambia hakuna mhadhiri mwingine chuoni aliyefikiria jambo zuri kama hilo. Na lilikuwa zuri. Wanafunzi wetu walikuwa wakituma kazi na kurudishiwa alama, basi, kama mtu anayetumbukiza kitu kisimani.

Kaseti hiyo ilirekodiwa nikiwa nyumbani magharibi kwa mazishi ya shangazi yangu. Mzee Faraj alikuwa amekwisha kustaafu, na kijana aliyekuja badala yake alijua kubonyeza, hakujua kusikiliza. Niliporudi nilikuta nakala zimekwisha kutengenezwa na nyingine zimetumwa. Ya Kayole niliichukua mwenyewe niipeleke, kwa kuwa ilikuwa njiani kwenda kwangu.

Kundi la Kayole lilikutana Jumamosi mchana nyumbani kwa Mwalimu Andayi. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi pale pale mtaani, mtu mnene wa sauti ya taratibu, mzee wa kanisa, mtu wa kwetu magharibi. Wenzake wa karibu katika masomo walikuwa Madam Jane, aliyefundisha darasa la tatu, na Barasa, kijana wa darasa la saba. Wote wawili walikuwa walimu wake shuleni. Walikuja kwake kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na redio kaseti ya maana, ile kubwa ya spika mbili, na stimu ikipotea alikuwa na betri za akiba. Alikuwa amewaambia kwamba Jumamosi hapo kwake hakuna mkubwa, wote ni wanafunzi. Walikubali kwa mdomo. Lakini kiti kikubwa chenye kitambaa cha kufuma hakuna aliyethubutu kukikalia isipokuwa yeye, na Barasa alikuwa akinyoosha mkono kabla ya kusema.

Siku hiyo na mimi nilikaribishwa kusikiliza. Mama Ruth, mkewe, alileta chai na viazi vitamu. Mwalimu Andayi akaweka kaseti. Kaseti zetu zilikuwa kwa Kiingereza, ila ninayaandika haya kwa lugha tuliyozungumza sisi. Profesa alianza vizuri sana, kwa ile sauti tuliyoitengeneza pamoja, ya mtu aliye karibu nawe. Akawashukuru kwa bidii yao. Halafu akasema sasa tusome matokeo.

Akasoma kuanzia wa kwanza. Jina, alama, neno moja la sifa au la kejeli, kama tulivyosomewa sisi sote tangu tukiwa watoto. Wa pili alikuwa Madam Jane, akaziba mdomo kwa mikono miwili, na Mwalimu Andayi akampigia makofi. Barasa alikuwa katikati. Tukaendelea kusikiliza majina ya watu wa mitaa mingine, na kila jina lililopita lilipunguza nafasi zilizobaki. Nilianza kuelewa kabla hatujafika. Nadhani sote tulielewa. Hakuna aliyenyoosha mkono kuizima, maana redio ilikuwa ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba alikuwa amekaa wima kitini, mikono juu ya magoti, anasikiliza.

"Na anayefunga mkia," profesa alisema, "ni Mwalimu Andayi, ambaye nimeambiwa ni mwalimu mkuu." Akacheka kidogo. "Mungu awasaidie watoto wake."

Mama Ruth alikuwa amesimama na birika mkononi. Kiingereza chake hakikuwa kingi, lakini jina la mumewe alilisikia, na kile kicheko hakikuhitaji kutafsiriwa. Kaseti iliendelea kuzunguka bila maneno. Madam Jane alitazama kikombe chake kana kwamba kuna kitu kimeandikwa ndani. Mimi ndiye niliyekuwa mtu wa chuo chumbani mle, mimi ndiye niliyeleta kile kitu kwenye mkoba wangu, na nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Sikuwa nimekirekodi wala kukisikia kabla. Mnaweza kuniambia hivyo na mimi nimejiambia hivyo mara nyingi, haisaidii.

Mwalimu Andayi alizima redio. "Hongera sana, Jane," alisema. Kisha akamgeukia mkewe. "Mama, waongezee chai."

Tukanywa chai ile. Hakuna chai iliyowahi kunishinda kumeza kama hiyo.

Jumamosi iliyofuata kundi halikukutana. Wiki kadhaa baadaye Barasa alikuja kwangu Komarock na mfuko wa vitabu vya kozi vya Mwalimu Andayi. Alikuwa ametumwa avirudishe na kunishukuru. Nilimuuliza hali shuleni. Hakutaka kusema, halafu akasema.

"Madam, stafrum imekuwa kubaya. Mwalimu anasaini skimu zetu za kazi bila hata kuziangalia. Nikichelewa haniulizi. Ni kama ameona hana tena mdomo ya kutuambia kitu."

Yule alikuwa mtu ambaye zamani angerudisha mpango wako wa somo mara tatu kwa sababu hukueleza utakachofanya na mtoto asiyeelewa. Madam Jane alikuwa ameacha kufungua vitabu vyake pia. Barasa alisema anaona aibu kuendelea kusoma wakati mkubwa wake amekatwa miguu. Niliona kwamba tungepoteza kundi lote, na hilo lilikuwa baya, lakini lililonikosesha raha lilikuwa yule mwalimu mkuu anayesaini bila kusoma.

Nilikwenda kwa Profesa Mbaluka na kaseti na kinasa sauti, nikafanya nilivyofundishwa. Nikaiwasha mezani pake, nikatoka, nikakaa nje muda wa kutosha kuchemsha chai ya mtaa mzima. Niliporudi nilimkuta anatabasamu. Aliniambia sauti imetoka safi safari hii.

Mbinu yangu kubwa ilikuwa imekwama, na hapo ndipo nilipong'amua kikomo chake: mtu akijisikiliza peke yake anasikia sauti tu. Nikalazimika kumwambia kwa mdomo jinsi ilivyokuwa Kayole. Alinisikiliza kwa heshima. Alisema matokeo husomwa hivyo kila mahali, yeye mwenyewe alisomewa hivyo, watu hucheka, kesho yake wanasahau. Nilimwambia ukumbini maneno yanatoka mlangoni pamoja na watu, lakini haya yako nyumbani kwa mtu, kwenye rafu, na yanaweza kurudishwa nyuma. Akasema basi tumwandikie pole. Nikamwambia kuhusu chai.

"Alisema muongezewe chai?"

"Ndiyo, Profesa."

Aliitoa kaseti kwenye mashine, akaigeuza mkononi. Halafu akauliza yule mwalimu anakaa wapi.

Tulikwenda Jumamosi, kwa gari lake. Nilikuwa nimemtuma Barasa atoe habari, na nilitarajia tukaribishwe kwa ubaridi, jambo ambalo lingekuwa nafuu kwangu. Badala yake Mwalimu Andayi alitupokea nje ya ploti akiwa amevaa koti, akamwongoza profesa kwenye kile kiti kikubwa chenye kitambaa, yeye akakaa kwenye stuli. Madam Jane na Barasa walikuwepo. Mwalimu Andayi akaomba kabla ya chakula, maombi marefu, akamwombea profesa, mkewe, watoto wake na kazi ya mikono yake. Nilifumba macho kwa nguvu kuliko inavyohitajika. Profesa alikuwa amekuja na hotuba ya kuomba radhi, nilijua, ilikuwa imejaa kifuani mwake tangu barabarani, na kila alipofungua mdomo alipewa kitu.

Mama Ruth alileta ugali na kuku. Wale wa kwetu mnajua firigisi ya kuku, ile tunayoita imondo, ni ya nani. Ni ya mwenye boma. Mama Ruth aliiweka kwenye sahani ya mumewe, taratibu, mbele ya macho ya wote, na hakumtazama mgeni. Mwalimu Andayi aliitazama kidogo. Akaichukua, akaihamishia kwenye sahani ya profesa.

Profesa ni Mkamba, hakujua lililotendeka, ila aliona nyuso zetu. Akauliza kuna nini. Barasa alimweleza kwamba kwetu hiyo hula mwenye nyumba peke yake, na akikupa wewe, amekuweka mahali pake.

"Basi siwezi kuila," profesa alisema.

"Kula," Mwalimu Andayi akamwambia. "Ukiirudisha umenikataa kwa nyumba yangu."

Aliila. Aliitafuna muda mrefu sana.

Tulipokwisha kunawa profesa alianza hotuba yake. Mwalimu Andayi alimwomba asubiri, akaamka, akatoa kaseti juu ya kabati. Nilishangaa kwamba bado anayo. Vitabu alikuwa amevirudisha vyote. Mama Ruth alisema kutoka mlangoni kwamba mumewe huisikiliza kila jioni, na yeye alikuwa amemwomba aitupe. Aliyasema hayo akimtazama profesa, si mumewe.

Ikawekwa. Tulikaa tena kama ile siku, mtu mmoja zaidi. Profesa alisikiliza shukrani zake, akasikiliza wa kwanza, wa pili, wa katikati. Majina yalipokaribia kwisha aliinuka anyooshe mkono aizime. "Wacha iendelee," Mwalimu Andayi alisema, na profesa akarudi kuketi kwenye kiti cha mwenzake. Ikaendelea. Alilisikia jina, akasikia wadhifa, akasikia kicheko chake mwenyewe kikitoka kwenye spika mbili, na watoto wakiombewa kwa Mungu, ilhali anayetajwa ameketi mbele yake kwenye stuli. Aliinamisha kichwa. Masikio yake yalibadilika rangi. Nimewaona wahadhiri wengi wakijisikiliza, lakini huyo ndiye wa kwanza niliyemwona akisikia.

Mwalimu Andayi akaizima. "Nimeaibika, Profesa, siwezi kukudanganya," alisema. "Nimeaibika mbele ya walimu wangu na mbele ya huyu mama. Lakini nimeisikiliza hii kaseti mbele na nyuma nikitafuta mahali umesema nilikosea nini kwa swali la tatu. Hujasema. Umesema tu nimekuwa wa mwisho."

Profesa aliomba aione karatasi ya zoezi. Ililetwa. Pembeni ya jibu la tatu kulikuwa na alama na neno moja jekundu: hafifu. Swali lilihusu mtoto anayeshindwa kila mtihani, na njia ambayo mwalimu anaweza kutumia kumwamsha hamu ya kusoma. Profesa alisoma jibu kwa sauti, kwa sababu ndivyo alivyozoea, na katikati sauti yake ikapungua. Mwalimu Andayi alikuwa ameandika kwamba njia bora ni kusoma matokeo hadharani siku ya kufunga shule, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, ili aliye nyuma aone haya mbele ya wazazi na wenzake, aamke. Alikuwa ameandika vizuri, kwa hati nzuri, kwa mifano kutoka shuleni kwake.

Nilihesabu upya mambo kichwani, kama mtu anayedhani amesikia vibaya. Profesa alikuwa amemnyima alama kwa jibu hilo, kisha akashika maikrofoni akamfanyia hilo hilo. Na wala hakuliona, wala sisi hatukuliona, mpaka lilipokuwa mezani kati ya mifupa ya kuku.

Profesa aliweka karatasi chini. "Jibu si sahihi, Mwalimu," alisema polepole.

"Sasa najua," Mwalimu Andayi alisema. "Nimefanyiwa."

Hakukasirika aliposema. Alikuwa anatazama ukutani, na baadaye akasema kwa sauti ndogo, kama anayeongea na mkewe, kwamba wiki inayofuata anafunga shule. Sisi sote chumbani, ukimwondoa Mama Ruth, tulikuwa walimu. Hakuna hata mmoja ambaye hakuwahi kusimama mbele ya watoto na karatasi, akisoma kuanzia juu kwenda chini. Mimi nilimkumbuka msichana mmoja ambaye alikuwa akiomba ruhusa ya kwenda chooni kila nilipofika nusu, na nilikuwa nikimkatalia. Nadhani kila mtu alikuwa na wake. Profesa alivuta kiti karibu na meza, akaomba kalamu, akaanza kumweleza Mwalimu Andayi swali la tatu, tangu mwanzo, kwa sauti ya chini, na mwenzake akauliza, naye akajibu. Jua lilitua wakiwa hapo hapo. Hotuba ya radhi hatukuisikia kamwe.

Siku ya kufunga shule nilipita makusudi. Wazazi walikuwa uwanjani kama kawaida, wamevaa, wengine na zawadi za watoto wao mkononi. Mwalimu Andayi aliwashukuru, akasema namba ziko ndani ya ripoti, na kila mzazi aende darasani amuulize mwalimu mtoto wake amekwama wapi. Baba mmoja aliuliza kwa nguvu kama shule imeanza kuficha uozo. Wengine wakamuunga mkono. Aliwajibu yale yale, kwa sauti ile ile ya taratibu, akashuka. Nje ya darasa la tatu foleni ilikuwa ndefu. Mama mmoja anayeuza sukuma wiki karibu na stendi alikaa na Madam Jane hadi walio nyuma yake wakaanza kunung'unika. Mwaka uliofuata kamati ya wazazi ilimlazimisha Mwalimu Andayi arudie kusoma angalau kumi bora. Siwezi kuwaficha hilo pia.

Profesa alirekodi kaseti nyingine. Hakutaja jina la mtu, alieleza makosa moja baada ya jingine na jinsi ya kuyatoka, na nimewahi kuwawekea wengi wenu kama mfano wa kazi nzuri. Zile za kwanza tuliomba zirudishwe. Nyingine zilirudi. Nyingine hazikurudi, ziko mahali, kwenye kabati la mtu, na bado zinasema. Mwalimu Andayi alivichukua tena vitabu vyake, kundi likaanza tena, akapata digrii pamoja na wenzake. Hakuwahi kuwa juu. Barasa aliniambia kwamba muhula ule alirudishiwa na Mwalimu skimu yake ya kazi ikiwa imejaa wino mwekundu, akaenda nyumbani akiwa na furaha isiyoelezeka.

Sasa niwaambie kwa nini nimeandika hili na si lingine. Siku mliyoniaga, baada ya keki na picha, mlinionyesha ukurasa mpya wa kozi mliyomjengea yule mhadhiri kijana. Ni ukurasa mzuri, unafunguka upesi, hata kwenye simu. Upande wa kulia kuna majina ya wanafunzi wote, wa kwanza ana nyota ya dhahabu, na yanashuka mpaka chini. Mlisema inawapa motisha. Niliuliza yule aliye chini kabisa ni nani. Mlitazamana, mmoja wenu akacheka kwa aibu, akasema, "Hatujui, Madam. Tunaona tu jina."

Sikusema kitu, nilikuwa na keki mkononi na mlikuwa mmenifanyia wema. Ninasema leo. Mpigieni simu mtu huyo kabla hamjafanya kazi nyingine yoyote. Msimwambie amekuwa wa ngapi, hilo analijua, amelifungua kwenye simu yake na huenda mtoto wake alikuwa amekaa kando yake. Muulizeni ni swali gani hakulielewa, halafu nyamazeni awajibu.